Uzi wa trio za piano za Ulaya: mpiga piano ndiye bosi, au tunadanganywa na jalada?

#1 Kinanda_Kavu

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa jazz humu jamvini unaishia kwenye saksafoni na tarumbeta. Mara Coltrane, mara Miles, tukichoka tunarudi kwa Coltrane. Leo naomba tukae na watu watatu tu: piano, besi la kusimama na drams. Na tukae Ulaya, tena Sweden, maana kuna trio moja ya pale ambayo kwangu mimi ndiyo inaonyesha wazi zaidi jinsi wanamuziki wanavyosemezana bila kufungua mdomo. Esbjörn Svensson Trio. Wenyewe baadaye wakajiita e.s.t. tu, na jina hilo fupi si bahati mbaya, nitalirudia.

Kwa wasiowajua: Svensson (piano) na Magnus Öström (drams) ni marafiki wa utotoni, wa huko Västerås na Skultuna, magharibi mwa Stockholm. Dan Berglund (besi) akaungana nao 1993, na mwaka huohuo wakarekodi albamu ya kwanza. Kuanzia hapo hakuna aliyetoka wala aliyeingia hadi tarehe 14 Juni 2008, Svensson alipofariki akipiga mbizi karibu na Stockholm. Alikuwa na miaka 44. Yaani miaka 15 watu walewale watatu, basi moja, jukwaa moja. Shikeni hilo, maana mengi yanatoka hapo.

Hoja yangu ni hii. Kwenye trio ya aina hii mpiga piano si bosi. Anaonekana bosi kwa sababu melodi iko kwake na jina lake liko kwenye jalada. Lakini wenye uwezo wa kugeuza maana ya alichokwisha kupiga ni wale wawili.

Mwenye kinanda nyumbani ajaribu. Mkono wa kulia ubonyeze E, G na B kwa pamoja, uuache hapohapo. Sasa mkono wa kushoto, chini kabisa, piga E. Hiyo ni E maina, ina huzuni yake. Toa E, weka C. Kulia hakujasogea kitu, lakini huzuni imeondoka, umepata C meja seven, laini na tamu. Toa C, weka A. Sasa kodi imening'inia hewani, haijaamua kama inafurahi au inalia. Mkono wa kulia haujafanya lolote muda wote huo! Kila kilichobadilika kimebadilishwa na noti moja ya chini.

Sasa chukulia kwamba hiyo noti ya chini iko mikononi mwa mtu mwingine, mwenye masikio yake na hamu zake, na hajakwambia ataweka ipi.

Karibuni.

#2 MzeeWaSitiYaMbele

Nimevuta kiti. Ila hiyo ya A nimeirudia rudia hapa mpaka mama watoto kauliza kama kinanda kimeharibika.

#3 Tarumbeta_Moto

Mkuu nakuheshimu, ila jazz ya Wazungu ni baridi. Haina swing, ule mdundo wa kuyumba. Wenye muziki ni Wamarekani weusi, hawa wenzetu wameuchukua, wamezima jiko, wamebaki na sahani safi. Hiyo unayoiita mazungumzo mimi nasikia watu watatu wanaogopana.

#4 Kinanda_Kavu

Hahaha, watu wanaogopana. Nusu nakupa.

Chanzo hakuna anayebisha. Hata huu mtindo wa watatu kuongea sawa, mlango wake ulifunguliwa New York. Tarehe 25 Juni 1961 mpiga piano Bill Evans alirekodiwa pale klabu ya Village Vanguard akiwa na Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye drams. Kabla ya hapo besi kwenye trio nyingi ilikuwa ya kutembea tu, dum dum dum dum, mapigo manne kwa kila ba, ili mwenye piano apate pa kukanyaga. LaFaro akakataa kuwa sakafu. Anaacha kupiga, anaingia juu kabisa kwenye shingo ya besi, anajibu sentensi ya Evans kabla Evans hajaimaliza. Evans mwenyewe kainamisha kichwa karibu kigusane na vibao vya piano, hamwoni mtu, anasikiliza. Siku 11 baadaye LaFaro akafa kwenye ajali ya gari, akiwa na miaka 25. Trio za piano za Ulaya ninazozipenda zote zina deni kwa ile Jumapili.

Nusu nisiyokupa ni hii ya kuzima jiko. Sweden walikuwa na kuni zao. Mwaka 1964 mpiga piano Jan Johansson na mpiga besi Georg Riedel walitoa Jazz på svenska: nyimbo za kijijini za Kiswidi, piano na besi tu, drams hakuna. Noti chache, nafasi kubwa kati ya noti na noti. Walipokuja kina Svensson, masikio ya nyumbani yalikuwa tayari yamezoea kwamba kunyamaza nako ni kupiga. Ongeza kwamba mama yake Svensson alikuwa mtu wa piano ya klasiki na baba mpenzi wa jazz, ongeza roki aliyokulia Berglund, ndipo unapata e.s.t. Na hawakumkimbia Marekani: 1996 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Thelonious Monk, mpiga piano wa Marekani. Miaka kumi baadaye gazeti la DownBeat, la Wamarekani haohao, liliwaweka jalada la mbele. Bendi ya kwanza ya Ulaya kukaa pale.

#5 Besi_ya_Mkate

Naomba nafasi, maana hapa mmefika kwenye ugali wangu. Napiga besi hotelini, tunapiga kopi za watalii, wiki inaanza wiki inaisha.

Alichosema mtoa uzi kuhusu noti ya chini ni kweli, ila hajasema upande wa pili. Uwezo huo tunao sote wapiga besi na wengi hatuutumii, kwa sababu ukiutumia mwenye kinanda anakukata jicho. Bendi niliyokuwa nayo zamani niliwahi kuweka noti nyingine chini ya kodi ya mwisho ya wimbo wa taratibu. Nzuri kabisa, haikuwa kosa. Kiongozi akaniuliza palepale jukwaani, mbele ya wageni, kama nimelewa. Basi unajifunza kukaa kimya.

Ndiyo maana nikimsikiliza Berglund naona wivu. Chukua wimbo wao wa When God Created the Coffeebreak, uko kwenye albamu ya 2002, Strange Place for Snow. Mkono wa kushoto wa piano na besi wanakimbia mstari mmoja, noti kwa noti, kasi ya kutisha. Hapo hakuna kubuni, hiyo ni kazi ya mazoezi. Lakini sikiliza kinachotokea wakiachana. Kwa sababu mmetoka pamoja kwa nguvu hivyo, yule anayeachia kwanza anakuwa amesema jambo. Msikilizaji asiyejua hata jina la noti anahisi kitu kimefunguka.

Halafu upinde. Berglund anachukua upinde anapitisha sauti kwenye kifaa cha kukwaruza, kile cha magitaa ya roki, na besi la mbao linaanza kulia kama gitaa la Hendrix. Angalia piano inafanya nini wakati huo: inashuka, inakuwa ya kusindikiza. Hakuna aliyetangaza zamu. Kajitwalia, na wenzake wakampisha. Mimi nikifanya hivyo kesho nitakuwa natafuta kazi keshokutwa.

#6 Mama_Sopulano

Samahani wakuu, mimi si mtu wa jazz, napiga kinanda kanisani. Nimekuja kwa sababu ya post ya kwanza. Sisi tuna mpiga gitaa la besi kijana, ana mkono mzuri, lakini kila Jumapili sauti ya chini inakuwa uji. Fundi mitambo analaumiwa, spika zinalaumiwa. Je, yawezekana tatizo ni mkono wangu wa kushoto?

#7 Besi_ya_Mkate

Dada, bila kukuona wala kukusikia: ndiyo. 😀

#8 Kinanda_Kavu

Mama Sopulano, pole, si wewe peke yako. Tulio wengi tulijifunza kinanda tukiwa peke yetu, kwa hiyo kushoto tunapiga sauti ya msingi ya kodi, tena mara nyingi oktava nzima. Ukija na mpiga besi mnakuwa wawili mnaogombea kiti kimoja. Yeye akitaka kupitia njia nyingine kwenda kwenye kodi inayofuata, wewe umeshaziba.

Wapiga piano wa trio waliacha sauti ya msingi makusudi. Mfano kodi ya C meja seven: badala ya kuanza na C, mkono wa kushoto unashika E, G, B na D katikati ya kinanda, usiende chini zaidi ya hapo. C hamna. C ni ya besi, akipenda. Evans alilifanya hili kuwa kawaida, na baada yake karibu kila mtu. Mwanzoni utajisikia uko uchi, maana ukipiga peke yako kodi haijitambui. Ndiyo raha yake: umemwachia mwenzio neno la kumalizia.

Jumapili hii mwambie kijana utafanya hivyo kwenye wimbo mmoja tu wa taratibu. Usiwaambie waimbaji. Na usimpangie kijana cha kufanya.

#9 Njoro_Drums

Niaje wakubwa, natokea Nakuru. Swali langu ni la mpiga drams. Hawa watu wakianza kubuni, wanajuaje wako wapi? Na wanajuaje wimbo unaisha? Sioni mtu akiinua mkono, sioni mtu akihesabu. Huku kwetu kwa bendi mtu wa solo akigeuka nyuma akikuangalia unajua ni kufunga.

#10 Kinanda_Kavu

Swali zuri Njoro. Kuna namna mbili na zisichanganywe.

Namna ya zamani ni ya umbo. Wimbo una ba 32, mara nyingi vipande vinne vya ba nane nane, cha tatu kikiwa tofauti. Unabuni juu ya umbo hilo, likiisha linaanza upya, na kila mtu analibeba kichwani. Hakuna anayehesabu kwa sauti kwa sababu kodi zenyewe ndizo saa. Ukipotea, unasubiri kile kipande cha tatu kifike, unarudi ndani kimyakimya kama mtu aliyechelewa ibada.

Namna ya pili, na e.s.t. waliipenda, ni kukaa kwenye kipande kifupi kinachorudiwa, kodi moja au mbili, bila kujua kitarudiwa mara ngapi. Hapo hakuna umbo la kukuokoa. Kuna kusikiliza tu. Mwenye piano akitaka kutoka anaweza kudondosha noti tatu nne za mwanzo wa melodi, si melodi yote, harufu yake tu. Mwenye drams akikubali anahama kutoka kwenye matoazi kwenda kwenye ngoma ya sneya, au anapunguza. Asipokubali anaendelea kuchochea, na yule wa piano anajua bado kuna moto, anabaki. Yaani swali limeulizwa na jibu limetolewa, na wewe uliyekaa kwenye kiti umesikia muziki tu.

Na hapa ndipo nguvu ya drams ilipo. Mpe mpiga piano kipande cha mapigo matatu, akirudie juu ya ba ya mapigo manne. Mara ya kwanza kinaanza kwenye moja, mara ya pili kinaanza kwenye nne, halafu kwenye tatu ya ba inayofuata, halafu kwenye mbili, ndipo baada ya mapigo 12 kinakutana tena na moja. Mwenye drams ana uamuzi hapo. Akishikilia nne zake bila kuyumba, msikilizaji anahisi mvutano, piano inavuta huku na sakafu iko kule. Akihamia kwenye tatu za piano, moja inapotea kabisa, na ukumbi mzima unasahau ulikuwa unatikisa kichwa wapi. Noti za piano ni zilezile. Öström alikuwa hatari kwa uamuzi huo, na mara nyingi aliutoa kwa brashi, kwa sauti ndogo, wakati mwepesi wa kelele angepiga virungu.

#11 Njoro_Drums

Wacha! Hiyo ya mapigo 12 nimeipiga mezani hapa kazini, supavaiza ananitazama. Asante mkuu.

#12 Mswahili_wa_Baridi

Nasoma nikiwa Stockholm, miaka mingi sasa. Uzi mzuri, ila naona mnampa e.s.t. sifa ambazo si zote zake.

Ukweli e.s.t. walikuwa bendi iliyopangika sana. Taa, moshi, fundi mitambo wao Åke Linton aliyehesabika kama mtu wa nne, sauti imetengenezwa kuanzia mazoezini. Sehemu kubwa ya unayosikia ni mpango mzuri uliofichwa vizuri. Sisemi ni vibaya. Nasema kama unataka mazungumzo yenyewe, yasiyo na mpango, nenda kwa Bobo Stenson. Naye ni wa Västerås hukohuko, kazaliwa 1944, miaka ishirini kabla ya Svensson. (Sijui maji ya mji ule yana nini.)

Stenson kwa miaka mingi alikuwa na Anders Jormin kwenye besi na Mnorwe Jon Christensen kwenye drams. Msikilizeni Christensen kwenye War Orphans ya 1998 au Serenity ya 2000. Anapiga toazi kama mawimbi, pigo unalihisi lakini huwezi kunyoosha kidole useme ni pale. Mtu wa kawaida angesema hashiki muda. Anaushika, ila hakuonyeshi. Na kwa sababu haonyeshi, Stenson na Jormin hawawezi kumwegemea, inabidi kila mmoja awe na saa yake mwenyewe ndani. Hilo ndilo linalowalazimisha kusikilizana. Baadaye Christensen alipoondoka, akaja Paul Motian, yuleyule wa Evans 1961, wakatoa Goodbye mwaka 2005. Kisha Jon Fält. Watu wamebadilika na mazungumzo yameendelea, kwa hiyo hata hoja ya "miaka 15 watu walewale" mimi siinunui moja kwa moja.

#13 Kinanda_Kavu

Mswahili wa Baridi, umenibana lakini sijalala chini.

Kwamba e.s.t. walipangika, kweli. Ila mpango wao ulikuwa wa kuandaa mahali pa kutokujua. Ushahidi ni Leucocyte. Mwanzoni mwa 2007 wakiwa ziarani Australia waliingia studio Sydney na kupiga tu, nyimbo hazikuletwa tayari. Albamu ikatoka 2008 Svensson akiwa ameshafariki, na yaliyobaki ya vikao vilevile yakatoka 2012 kwa jina la 301. Sikiliza zile ngoma ndefu. Kuna dakika nzima ambazo hakuna anayeongoza, kila mmoja anasubiri mwenzie aseme kitu, na hawaogopi kusubiri. Watu waliokutana juzi hawawezi. Wangejaza.

Kuhusu kukaa pamoja, mtazame na Mpolandi Marcin Wasilewski. Yeye na mpiga besi Sławomir Kurkiewicz walianza wakiwa vijana wa shule mjini Koszalin, mpiga drams Michał Miśkiewicz akaingia 1993, na hadi leo ni haohao. Tomasz Stańko, mpiga tarumbeta, aliwachukua wote watatu kwa mkupuo, hakuchagua mmoja mmoja. Alijua anachonunua. Stenson anaweza kubadili mpiga drams kwa sababu anawapata kina Motian. Motian mtaani kwenu wako wangapi?

#14 Tarumbeta_Moto

Hapo kwenye Motian umempiga chenga mtu. Nimeanza kusikiliza hiyo War Orphans, sijasema nimeipenda.

#15 Udi_wa_Ng'ambo

Kutoka Unguja. Nimekuwa nasoma tu, niseme moja. Sisi kwenye taarab tuna taksim: mpiga kanuni au udi anapewa nafasi, anatembea ndani ya makamu (ngazi ya sauti za wimbo) peke yake, hana mapigo yanayomkimbiza, wenzake wananyamaza au wanashika sauti moja chini. Ni kubuni kweli, na ni kugumu. Lakini mwenzio haruhusiwi kukugeuzia maana katikati, hiyo ingekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo mtoa uzi, si kila kubuni ni mazungumzo. Kwetu ni hotuba, na wasikilizaji ndio wanaojibu kwa "Allah!" pale ulipowagusa. Nimewasikiliza hawa Waswidi usiku huu, nikajikuta natafuta nani ana hotuba, simwoni. Nimechoka kidogo, ila nitarudia.

#16 Kinanda_Kavu

Sheikh, umenipa neno. Usitafute mwenye hotuba. Mfuate mmoja tu wimbo mzima, besi kwa mfano, uwaache wengine wapite pembeni. Kisha urudie wimbo uleule na mwingine. Utachoka zaidi, lakini uchovu mwingine.

#17 Besi_ya_Mkate

Mtoa uzi uliahidi kurudia suala la jina, umekimbia. Acha nimalizie kwa upande wa mfukoni, maana mazungumzo ya jukwaani yanaanzia kwenye karatasi.

Walipoliacha jina refu wakabaki na e.s.t., walibadilisha na maandishi ya ndani: kwenye albamu zao za miaka ya 2000 muziki umeandikwa kwa majina ya wote watatu. Si Svensson kaandika, wengine wamesindikiza. Sasa fikiria mpiga besi anayejua kwamba akitupa wazo na likawa wimbo, jina lake lipo na hela yake ipo. Atatupa mawazo. Mimi nikibuni mstari wa besi na wimbo ukavuma, ninachopata ni chakula cha usiku na nauli ya bodaboda. Halafu tunashangaa kwa nini wapiga besi wetu hawajibu.

#18 Mama_Sopulano

Besi ya Mkate umesema kweli tupu. Wanakwaya wanajua majina ya waimbaji wote na huyu kijana wanamwita "wa gitaa".

#19 Mswahili_wa_Baridi

Kwa anayetaka kujua walioachwa walikwenda wapi: Berglund alianzisha bendi yake, Tonbruket. Öström akatoa albamu yake 2011, Thread of Life. Baadaye wawili hao wakaungana na mpiga piano wa Norway, Bugge Wesseltoft, wakajiita Rymden, albamu ya kwanza 2019. Msiitafute e.s.t. mle. Wesseltoft hamwigi marehemu, ana kinanda cha umeme na vionjo vyake, na wale wawili wanamjibu yeye, hawajibu kumbukumbu. Kwangu hiyo ni heshima kubwa zaidi kuliko albamu ya kumuenzi. Wapo wanaosema haina joto lile. Sawa, wabaki na diski za zamani.

Na 2022 ilitoka HOME.S., Svensson peke yake kwenye piano, alijirekodi nyumbani wiki chache kabla ya ajali. Nzuri sana, ila kwa uzi huu naiweka kando, maana pale noti za chini zote ni zake.

#20 MzeeWaSitiYaMbele

Wakuu mmetaja albamu nyingi mno. Mtu wa bando la jioni aanze na ipi?

#21 Kinanda_Kavu

Live in Hamburg, ilirekodiwa 2006 ikatoka 2007. Ni diski mbili. Kama bando halitoshi anza na ya kwanza, na tumia spika au earphone zinazotoa besi, maana kwa spika ya simu Berglund hayupo kabisa na uzi wote huu utauona ni uongo.